Gramafoni ya babu imegoma: weka vanishi chini, kwanza tuongelee grisi

Dada mmoja kaniandikia hivi, nafupisha: "Fundi shikamoo. Nimerithi gramafoni ya babu mzaa mama, ile ya kukaza kwa mkono, iko kama sanduku la safari, ukifungua mfuniko unaona sinia na mkono wa sindano. Imekaa stoo miaka mingi. Nikikaza hendeli inafika mahali inakuwa ngumu kabisa, nikiachia inazunguka taratiiibu halafu inasimama, na ndani inagonga dug... dug. Wimbo mmoja nimebahatika kuusikia ila sauti inakwaruza kama nyuki kwenye kopo. Kuna mtu kaniambia springi imekazwa kupita kiasi, imeharibika, nitoe vyote niweke spika ya redio. Mi nataka iimbe kama zamani. Nipulize mafuta? Nipige msasa na vanishi ing'ae? Sindano zake zina kutu, nitumie tu? Na santuri zetu za plastiki za miaka ya baadaye zitapiga humo?"

Marahaba dada. Huyo wa spika ya redio usimsikilize na wala usimwachie bisibisi karibu na hiyo mashine. Kwa dalili ulizotaja, mashine yako karibu kila kitu kipo, tatizo lake ni uzee wa vitu viwili tu, grisi na mpira. Grisi imegeuka gundi, mpira umegeuka jiwe. Chuma chenyewe kinasubiri.

Kwanza hili la "imekazwa kupita kiasi" maana nalisikia kila wiki. Springi ya gramafoni ni ukanda wa chuma mrefu mita kadhaa, umekunjwa kama konokono ndani ya kopo la duara. Ukikaza unaukusanya kwenye mhimili wa katikati, ukifika mwisho umefika, haiendi zaidi ya hapo. Ama inakaa hivyo imejaa nguvu, ama inakatika kwa mlio wa bunduki, ama ndoano ya mwishoni inang'oka, na hizo mbili za mwisho utazijua maana hendeli itazunguka kirahisi tu bila kukaza kitu chochote. Sasa yako inakaza vizuri hadi inagoma, maana yake springi ni nzima na imejaa, ila kuna kitu mbele yake kinazuia nguvu isitoke. Kwahiyo hiyo "kupita kiasi" ni maneno ya watu wasiotaka kufungua mashine wakaangalia.

Halafu samahani kwa swali la kijinga, breki umeachia yote? Pembeni ya sinia kuna kiwiko kidogo chenye kipande cha ngozi au felti kinachogusa ukingo wa sinia. Mimi mwenyewe niliwahi kuhangaika na mashine ya mteja karibu saa nzima, nimeshatoa skrubu nne, kumbe breki ilikuwa inagusa kidogo tu kwa ndani nisikokuona. Sikumwambia mteja.

Sasa ule mdundo wa dug dug. Grisi ya springi zamani ilikuwa na unga mweusi wa grafaiti, na ikikaa miaka mingi mafuta yake yanakauka inabaki ule ugumu kama lami iliyopoa. Mizunguko ya springi inagandana. Mashine ikipiga, springi inatakiwa ifunguke polepole kwa ulaini, ila hii ya kwako inang'ang'ania, ing'ang'anie, halafu mzunguko mmoja unaachia ghafla, dug, sinia linaruka na wimbo unayumba kama mwimbaji kasukumwa bega. Hilo ndo linakugongea humo ndani.

Mafuta ya kupuliza, hapana. Najua yanavutia, unaweka kamrija unapuliza kila kona, dakika kumi inazunguka unafurahi. Yale mengi ni mepesi mno, yanaosha kile kidogo cha grisi kilichobaki, yanakauka, na yanadondokea kwenye felti na kwenye mbao zikawa na madoa. Baada ya miezi umerudi pale pale ukiwa na uchafu mwingi zaidi.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Usifungue chochote springi ikiwa na nguvu. Hii naisema kwa herufi kubwa moyoni. Achia breki, toa santuri, acha sinia lizunguke lenyewe mpaka liishiwe, likisimama lisukume kwa kidole liendelee, tena, tena, hata kama itachukua nusu saa, mpaka uone kabisa halina nguvu ya kujisogeza. Kosa kubwa watu wanalofanya ni kutoa gavana (nitakueleza ni nini) wakati springi bado imejaa, hapo hakuna kinachoizuia tena, mashine inakimbia kama imepagawa na gia zinanyolewa meno yote kwa sekunde chache, na kidole kikiwemo humo nacho ni hivyo hivyo.

Ikishaisha nguvu, toa sinia. Mengi yamekaa kwa kubana tu kwenye mhimili uliochongoka kidogo, mengine yana kipini au skrubu ya kushikilia, angalia kwanza. Lile la kubana, shika pande mbili uliinue kwa usawa huku mtu mwingine anagonga kichwa cha mhimili kidogo kidogo kwa mpini wa mbao wa bisibisi. Mbao, sio nyundo. Mhimili ukipinda hata unene wa unywele utaona santuri zote zinacheza rumba hata za taarabu. Chini yake utaona skrubu za ubao wa mota, toa hendeli (nyingi unazungusha kinyume inafunguka), inua ubao mzima na mota inaning'inia chini yake. Piga picha kila hatua. Simu yako hapo ndo msaidizi wako, manake skrubu zinafanana na kumbe urefu umetofautishwa makusudi, iliyo ndefu ukiiweka mahala pa fupi inaenda kugusa gia.

Ukigeuza utaona mambo matatu. Kuna kopo la springi, moja au mawili. Kuna gia. Na kuna kale kadude kanakopendeza kuliko vyote, gavana. Ni mhimili mwembamba wenye vipande vitatu vya chuma kama mbegu, kila kimoja kimefungwa kwenye ukanda mwembamba wa chuma. Mota ikizunguka, vile vitatu vinarushwa nje kama sketi ya mtu anayecheza, vikirushwa vinavuta kijisahani pembeni, kijisahani kinakuja kugusa kipande cha ngozi au felti, na msuguano huo ndo unazuia mashine isikimbie. Ile skrubu ya mwendo unayoizungusha juu inasogeza hicho kipande cha felti tu, haigusi springi wala gia. Yaani mtu wa miaka ya 1900 na kitu kaweza kushika mwendo bila umeme kwa vipande vitatu vya chuma na tone la mafuta, mimi kila nikifungua moja nakaa naangalia tu.

Hapo kwenye gavana angalia mambo kwa makini. Kanda zile tatu zisiwe na ufa. Ikiwa moja imekatika au imepinda, badilisha zote tatu kwa pamoja, moja mpya na mbili za zamani hazilingani na utasikia mashine inatetemeka. Kile kipande cha felti kikiwa kikavu kama biskuti mashine inapiga kelele na mwendo unapanda na kushuka, mara nyingi ukikipa tone moja la mafuta ya cherehani kinakaa kimya. Tone, nimesema. Osha gia na mihimili kwa mafuta ya taa na mswaki mzee, mahali penye hewa na mbali na moto, futa, acha zikauke kabisa, halafu mafuta ya cherehani kwenye kila tundu la mhimili na grisi kidogo kwenye meno ya gia.

Kopo la springi sasa. Hapa tuongee kama watu wazima. Ile springi hata ikiwa imeisha nguvu bado imebanwa ndani ya kopo, ukitoa kifuniko ukaivuta vibaya inaruka yote kwa mpigo, na kingo zake ni kali kama panga. Mimi nina kovu kwenye kiganja cha kushoto la mwaka wangu wa kwanza wa kujidai fundi. Kwahiyo ushauri wangu kwako ni kwamba toa mota nzima, usafishe gia na gavana mwenyewe, ila kopo mpelekee fundi saa mzee au fundi yeyote aliyewahi kutoa springi kubwa mbele ya macho yako, mwambie unataka itolewe, ioshwe, ifutwe mpaka ikauke, ikaguliwe nyufa hasa kwenye tundu za mwisho, irudishwe na grisi mpya yenye grafaiti. Akikuambia atamwaga oili ya injini tu kwa juu bila kuitoa, chukua kopo lako uondoke. Na fundi mwenyewe avae glavu nene na miwani, asione aibu.

Ile sauti ya nyuki haitokani na mota kabisa. Hiyo ni saundboksi, kile kidude cha duara kama saa ya mfukoni kilichokaa mwisho wa mkono na kinachoshika sindano. Ndani yake kuna kiwambo chembamba, kwenye mashine za zamani zaidi ni cha ulanga, unaona mwanga kama kioo chenye ukungu, na zilizokuja baadaye nyingi ni cha alumini chenye mikunjo. Kiwambo kimekaa katikati ya pete mbili za mpira laini. Zilikuwa laini siku hizo. Chukua pini uguse ile ya kwako, nakuhakikishia ncha haitaingia, imekuwa ngumu kama mfupa. Kiwambo hakiwezi kupumua, kinagonga ukingo, na hapo ndo unapata nyuki.

Kuifungua sio kazi kubwa ila fanya juu ya taulo jeupe manake kuna vipande vidogo vinapenda kukimbilia chini ya kabati. Skrubu tatu nyuma, kifuniko kinatoka. Kwa mbele utaona mkono mdogo unaotoka kwenye sindano mpaka katikati ya kiwambo, umeshikwa na kiskrubu kimoja au donge la nta. Lainisha nta kwa kupasha joto kidogo, legeza kiskrubu, usivute. Ulanga unachanika tabaka tabaka kama karatasi iliyoloa, ukichanika hata kidogo pembeni sauti imeondoka. Toa mpira wa zamani kwa kukwangua na kijiti cha mbao. Weka mpya, mrija mwembamba laini wa mpira au silikoni wa unene ule ule, ukate urefu ambao ncha zinakutana bila kusukumana na bila kuacha mwanya. Halafu kitu kimoja ambacho wengi wanakosea wakishafika hapa wamechoka, ule mkono mdogo kabla hujafunga kiskrubu inabidi ukae wenyewe ukigusa kiwambo tu, usikisukume ndani wala usikivute nje. Ukiona unasukuma, rekebisha skrubu za chini zinazoushikilia. Kisha funga, na weka chembe ya nta ya nyuki pale katikati ili hewa isipenye. Weka sindano, ikwaruze ncha kwa kucha. Ukisikia mkwaruzo mkubwa mkavu unaotoka kama kwenye spika, umefanya kazi nzuri.

Tahadhari moja, kile kipande cha nyuma cha saundboksi na wakati mwingine mkono wenyewe vilitengenezwa kwa aloi ya zinki iliyomiminwa, na zile za zamani zinavimba na kupasuka zenyewe tu kwa uzee. Ukiona nyufa ndogo kama za udongo mkavu usilazimishe skrubu. Iache hivyo, tafuta kipande kingine.

Sindano zenye kutu tupa. Tupa zote, usizihurumie za babu. Na mpya nazo unabadilisha kila upande wa santuri, upande mmoja sindano moja, sio ubahili wa mtu wala biashara ya wauza sindano. Santuri za zamani ni shelaki, utomvu unaotokana na wadudu, umechanganywa na unga wa mawe, na ule unga uliwekwa makusudi ili usage ncha ya sindano mizunguko ya kwanza ikae sawa na mfereji. Yaani sindano ndo inaliwa badala ya santuri. Ikishapiga dakika tatu za wimbo ncha yake imekuwa patasi, ukirudia nayo sasa inachonga santuri, ule unga wa kijivu unaouona juu ya santuri ni wimbo wenyewe unatoka. Sindano nene zina sauti kubwa, nyembamba zina sauti ndogo, basi hapo ndo penye kitufe chako cha volyumu.

Zile za plastiki sasa, hapana hapana. Santuri za mizunguko 33 kwa dakika zilianza kuuzwa mwaka 1948 na mfereji wake ni mwembamba mno. Mkono wa kisasa unaegemea santuri kwa gramu moja mpaka tatu hivi, huo wa babu unaegemea kwa zaidi ya gramu 100 na una chuma mwishoni. Mara moja tu umeilima. Na angalia pia, baadhi ya santuri za mizunguko 78 za miaka ya mwisho zilitengenezwa kwa plastiki, ukigonga kwa kucha zinatoa sauti nyororo badala ya ile kavu kama ya kigae, hizo nazo ziache. Na kama katika zile za babu kuna nene sana, kama milimita 6, zenye jina la Edison, zile mfereji wake unapanda na kushuka badala ya kwenda kushoto na kulia, alianza kuziuza mwaka 1912 na zina mashine yake maalum yenye almasi. Sindano ya chuma inaziua. Edison ndo mvumbuzi aliyeanza yote mwaka 1877 na silinda yake ya kurekodi sauti, mvumbuzi mwingine, Berliner, akaja na sahani bapa mwaka 1887, na hiyo ya kwako ni mtoto wa Berliner.

Kusafisha santuri, maji ya kawaida, tone la sabuni ya vyombo, brashi laini kufuata mzunguko, lebo isiloe, futa, kausha. Zile nene za Edison zisiguse maji kabisa, zinavimba. Na spiriti usithubutu. Niliwahi, nikiwa kijana na haraka zangu, kufuta santuri ya mjomba kwa spiriti ya hospitali, kitambaa kikatoka cheusi tii nikafurahi jinsi ilivyokuwa chafu, kufuta tena kikatoka cheusi zaidi, kuangalia vizuri mifereji imelainika inang'aa kama imelambwa. Spiriti inayeyusha shelaki. Mjomba mpaka leo anajua ilivunjika.

Sababu hiyo hiyo ndo inafanya nikukatalie msasa na vanishi. Yako ya sanduku nyingi zimevalishwa kitambaa kinachofanana na ngozi, hiyo futa tu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni laini. Sehemu za mbao kwenye mashine za zamani mara nyingi zimepakwa hiyo hiyo shelaki, kwahiyo spiriti inatoa rangi, na msasa unaondoka na nembo ya mtengenezaji ambayo ukishaifuta haurudishi. Vyuma vilivyong'arishwa usivisugue kwa dawa ya kukwaruza, ule mng'aro ni tabaka jembamba, likiisha unaona shaba chini yake. Kama kuna mahali pamechubuka kwa ule mkono wa babu alipokuwa anashikia mfuniko, mimi ningepaacha.

Ukishairudisha yote, pima mwendo. Kata kipande kidogo cha karatasi nyeupe, kiweke chini ya santuri kichungulie pembeni, weka sindano ipige kabisa (maana uzito wa sindano unapunguza mwendo, ukipima bila sindano umejidanganya), hesabu kikipita mara 13 kwa sekunde 10. Hiyo ndo 78 kwa dakika. Chini ya hapo geuza skrubu ya mwendo kidogo. Kaza kabla ya kila upande, simama pale inapoanza kuwa nzito, na ukimaliza kwa siku hiyo iache springi iishe nguvu, usiilaze imekazwa.

Anza na saundboksi hata kabla ya mota, ni kazi ya jioni moja. Ukishaifungua nitumie picha ya kiwambo kikiwa kimelala kwenye taulo, nione ni ulanga au alumini na kina upana gani, manake unene wa mrija wa mpira ninaotaka kukuambia ununue unategemea hapo.